Wa Zamu ya Usiku Waanze Kula

Maneno niliyoyasema kwenye arobaini ya mama yetu, katika ukumbi wa parokia, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama yalivyotoka, na mahali pawili nimeongeza yale ambayo siku ile machozi yaliyazuia.

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu, majirani zetu wa miaka yote, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Baba Paroko, masista, mama zangu wa WAWATA, wanawake Wakatoliki wa Tanzania, Mwenyekiti wa Jumuiya, Balozi wetu, wauguzi wastaafu mliofanya kazi na Mama, na nyie vijana mlioomba ruhusa kazini ili mfike. Na wewe Baba, uliyekaa hapo mbele na kofia yako mapajani.

Ukoo umeniomba niseme habari za Mama. Wasifu wake mliusikia siku ya kumuaga: alizaliwa wapi, akasoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Sitaurudia. Leo nataka kukaa kwenye neno moja tu, nalo ni kukesha. Maana kila nikimtafuta mama yangu katika miaka yote ninayoikumbuka, namkuta yuko macho wakati wengine wamelala.

Kukesha hakukujifunza hospitali, alitoka nako nyumbani. Mama ni mtoto wa milimani, Umatengo, wilaya ya Mbinga, alizaliwa kwenye miaka ya 1950. Kwa msiopafika, ile ni nchi ya miteremko. Mtu amesimama shambani, jirani yake wa juu anakanyaga usawa wa kichwa chake. Ukilima huko matuta kama ya huku pwani, mvua mbili tatu tu udongo wote uko mtoni. Kwa hiyo Wamatengo tangu mababu wana kilimo chao, kinaitwa ngoro. Mvua zinapoelekea kupungua, majani yanafyekwa, yanaachwa yanyauke, kisha yanalazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba mitupu. Hiyo ni kazi ya wanaume. Halafu wanakuja wanawake na majembe. Wanachimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafunika yale majani, mpaka panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Juu ya tuta yanapandwa maharage. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, yanafuata mahindi. Chini yale majani yanaoza na kuwa mbolea, na maji ya mvua, badala ya kuteremka na shamba lako, yanatulia shimoni na kuzama polepole.

Mama alishika jembe la ngoro bado mdogo, jembe lililokatwa mpini limfae kimo. Alituonyesha kwa kijiko kwenye sahani ya ugali, watoto wa Dar es Salaam sisi, tukacheka. Kahawa ndiyo iliyomlipia ada, lakini akisimulia kwao alisimulia ngoro.

Sasa mahindi yakianza kubeba, mchana wanakuja ngedere na usiku wanakuja nguruwe pori. Nguruwe watano usiku mmoja wanamaliza chakula cha mwaka. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na dungu, kibanda cha juu cha kulindia mazao, na Mama na Bibi yetu walilala kwenye dungu hilo. Ninasema walilala kwa mazoea tu, walikesha. Walikuwa na moto wa kuni mbichi chini, debe bovu na fimbo. Bibi alikuwa na namna yake ya kupambana na usingizi: wanasali Rozari, na kila kumi moja, yaani Salamu Maria kumi, likiisha, debe linapigwa, wanashuka na kijinga cha moto kuzunguka shamba, wanarudi, wanaanza kumi jingine. Mpaka alfajiri.

Naomba mlishike hilo la debe na Rozari, maana nitalirudia.

Mwaka 1973 ilikuja ile kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mnaikumbuka. Watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi cha babu yetu hakikuwa na mtu mzima anayesoma vizuri, akaitwa binti. Akawa anasimama mbele ya wazee wenye mvi anawasomea habari za mbu na malaria, za maji ya kunywa, za kuhara damu. Alituambia kwamba jioni moja mzee mmoja aliyefiwa na watoto watatu alimuuliza mbele ya wote: basi wanangu ningeweza kuwaokoa? Hakuwa na jibu. Akaenda nyumbani akamwambia baba yake anataka kuwa nesi.

Alifundishwa Peramiho, kwa watawa Wabenediktini ambao wako pale tangu 1898. Kuhusu shule nitasema kidogo tu: huko ndiko alikofundishwa kukunja pembe za shuka mpaka sarafu ikianguka isizame, na pembe hizo tumezikuta kwenye vitanda vyetu maisha yetu yote. Kisha akapangiwa Dar es Salaam. Lori mpaka Makambako, siku mbili kwenye tope, halafu treni ya TAZARA ambayo wakati huo bado ilikuwa mpya. Akashuka na sanduku la bati na debe la maharage.

Hapa mjini akakutana na kijana dereva wa UDA, shirika la usafiri wa mjini, wa yale mabasi marefu ya Ikarus. Baba hataki nisimulie walivyokutana, kwa hiyo naliacha. Nitasema tu kwamba kwa miaka thelathini na zaidi ratiba ya nyumba yetu ilibandikwa ukutani, zamu za Mama kwa wino mwekundu na zamu za Baba kwa wino wa bluu, na palipokuwa na wino mwekundu usiku, Baba alipika. Enzi hizo mwanamume kusonga ugali mbele ya majirani wa Manzese halikuwa jambo dogo. Alisonga. Na sheria ya mezani ilikuwa moja: wa zamu ya usiku aanze kula. Hata akija mgeni, hata awepo babu, wa zamu ya usiku ndiye anapakuliwa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayetoka.

Wauguzi wa siku hizi, sijui kama mnajua glavu zilivyokuwa miaka ya 1980. Glavu hazikutupwa. Zilioshwa, zikapulizwa kama puto na kusogezwa karibu na shavu ili tundu lisikike, yenye tundu ikawekwa kando, nzima zikaning'inizwa kwenye kamba, zikapakwa poda, zikachemshwa upya. Sindano zilikuwa za kioo, nazo zikichemshwa. Sabuni ilipokosekana madukani, Mama alibeba kipande chetu cha nyumbani kwenda nacho wodini, na sisi tukaoga kwa maji matupu. Nilipolalamika alinijibu kwamba mimi nina uchafu tu, kule kuna vidonda.

Miaka mingi alikuwa wodi ya wazazi. Na hapa naomba niseme kitu cha kiuguzi, ingawa mimi ni mwalimu, kwa sababu nimekisikia mara nyingi akiwafundisha wanafunzi waliokuja nyumbani. Mama akishajifungua na kondo likatoka, weka kiganja chini ya kitovu. Mfuko wa uzazi uwe mgumu kama embe bichi. Ukiwa laini, sugua mpaka ukaze, maana ukiwa laini damu inatoka. Damu ikizidi nusu lita hiyo ni hatari, na haipigi kelele. Inatoka kimya chini ya kanga, mzazi anaona usingizi mtamu unamjia, ndugu wanasema mwacheni apumzike kachoka. Dawa ipo, oksitosini, nayo inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Lakini dawa haiwezi kufunua kanga. Inatakiwa aje mtu, saa nane za usiku, afunue, atazame, aguse.

Ndiyo maana nimeshika neno kukesha. Mimi nilidhani kukesha ni kusubiri kazi. Yeye alijua kwamba kukesha ndiko kazi yenyewe. Rozari ilikaa kwenye mfuko wa gauni lake jeupe, upande wa kulia pamoja na tochi. Kumi moja likiisha anainuka, anazunguka kitanda kwa kitanda, anafunua kanga, anagusa tumbo, anarudi kukaa. Debe tu ndilo halikuwepo. Dada mmoja aliyefanya naye kazi, yuko hapa, alinithibitishia siku ya msiba kwamba wanafunzi walikuwa wakisema Sista akimaliza Mafumbo yote ya Rozari, kumekucha.

Usiku mmoja nilimwona mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, enzi za mgao wa umeme, nikatumwa na Baba nimpelekee chakula. Nilipofika wodi nzima ilikuwa giza. Watoto njiti waliwekwa kwenye sanduku la mbao lenye balbu ndani, balbu ndizo zilizowapa joto, na balbu zilikuwa zimezimika. Mama alinishikisha tochi. Akamtoa mtoto mmoja ambaye kichwa chake chote kilienea kiganjani. Akamvua vitambaa vyote, akabakiza nepi na kofia ya sufu. Akamfungua mama yake vifungo vya gauni, binti mdogo anayetetemeka kuliko mtoto, akamlaza yule njiti katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limegeuzwa pembeni ili pua ibaki wazi. Akawafunga wote wawili kwa kanga, mkazo wa kutosha mtoto asiteleze, ulegevu wa kutosha apumue. Akamwambia binti: usilale chali kabisa, inuka kidogo, na umsikilize. Kisha akaniambia mimi nisogeze tochi kwa kitanda cha pili.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba namna hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye hospitali iliyokuwa na njiti wengi kuliko mashine, na leo inafundishwa hapa kwetu kwa jina la kangaruu. Nilimuuliza Mama aliijulia wapi. Akasema kwao kifaranga kikinyeshewa kinatiwa kifuani.

Sasa nifike mahali pagumu. Mama aliniachia ruhusa ya kulisema hili, na alitaka lisemwe mbele ya wauguzi.

Usiku mmoja, yuko peke yake na wazazi wengi kuliko vitanda, kulikuwa na binti aliyekuwa anapiga kelele na kukataa kufungua miguu. Mama alimtolea maneno, kisha akamzaba kofi la paja. Mtoto alizaliwa salama. Asubuhi Mama alirudi nyumbani hakula, hakulala. Siku ya tatu akasoma anwani kwenye daftari la wodi, akanunua doti ya kanga na mche wa sabuni, akatembea mpaka Tandale akiuliza nyumba kwa nyumba. Mama mkwe wa yule binti alitaka kumfukuza. Mama akapiga magoti pale uani, akiwa amevaa gauni lake jeupe, mbele ya wapangaji, akaomba msamaha. Yule binti alimjibu sentensi moja: nilikuita mama, ukanipiga.

Sentensi hiyo Mama aliibeba mpaka kaburini. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliisikia. Mimi najua, na nyie mnajua, wauguzi walivyo wachache na usiku ulivyo mrefu, na wanaowatukana manesi wengi hawajawahi kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili bila kukaa. Hayo ni kweli tupu na yanahitaji kusemwa kwa wenye mamlaka, tena kwa sauti. Yeye lakini hakutaka yatumike kumtetea.

Kisha ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na haikupita miaka mingi wodi za hapa mjini zikajaa, wawili kitanda kimoja. Mpaka 2004 hospitali za serikali zilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure, kilichokuwepo kilikuwa mikono tu. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Kumsafisha kinywa kwa pamba. Kumwosha. Ndugu wengine walimshusha mtu wao kwenye teksi na kuondoka. Mjomba wetu, mdogo wake Mama wa kumfuata ziwa, aliletwa kwetu kutoka Mbinga akiwa mifupa. Akalazwa kitanda changu, mimi nikahamia chini. Mama alimwosha kila siku, mlango wazi, ili majirani waone kwamba anaguswa. Mjomba alifia kifuani mwake, na jirani aliyekuwa wa kwanza kuingia kusaidia ni Mama Hamisi, ambaye yuko pale nyuma.

Dini yake ilikuwa hivyo. Hakumhubiria mgonjwa hata siku moja. Mwislamu akizidiwa wodini kwake, aligeuza kitanda kielekee Kibla na kumtuma mtu amtafute ndugu wa kumkumbusha shahada, na kama ndugu hayupo alimwita mhudumu Mwislamu. Sikukuu ya Idd yeye na wenzake Wakristo walishika zamu zote. Krismasi, Waislamu wakashika. Hakuna aliyewaandikia mpango huo. Akitoka zamu ya usiku Jumapili alikuja moja kwa moja Misa ya kwanza hapa kanisani, benchi la tatu kutoka nyuma, na mara nyingi usingizi ulimchukua katikati ya mahubiri. Paroko wa wakati ule, marehemu, aliwakataza wahudumu wasimwamshe. Alisema huyo amekuja ameshasali.

Nimesema mema, na ni ya kweli, lakini nyumbani yalikuwa na bei. Siku ya kipaimara changu Mama hakuwepo. Nilisimama na msimamizi wangu na mshumaa, kila nikisikia mlango nageuka. Alifika watu wanakula pilau, ana gauni la kazi na tone la damu kavu kwenye kiatu cheupe. Zamu iliyotakiwa kumpokea haikuja, na hakuweza kuacha wodi tupu. Nilikataa kumsalimu. Nilikaa na hasira ile miaka mingi, nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Sijui kama imekwisha yote. Nataka tu Mama ajue kwamba nimeitaja hapa mbele ya watu wake, sijaificha, na kwamba naelewa vitanda vile vilikuwa na watu.

Alipostaafu alirudia jembe. Pale uani kwetu, kwenye kile kimteremko kinachoelekea mtaroni, alichimba ngoro nne. Watu walidhani anachimba mashimo ya takataka. Mpaka leo udongo uko palepale, na mchicha wake mmekula wengi wenu.

Wiki zake tatu za mwisho alilazwa. Presha na sukari vilikuwa vimemchosha, mkono wa kushoto hauinuki. Tulipokezana kumkesha, mimi, wadogo zangu na Baba. Usiku wa mwisho ulikuwa wangu. Kama saa tisa hivi nilisinzia kwenye kiti. Nikasikia ananiita kwa jina la utotoni. Nikaruka nikidhani ameishiwa pumzi. Alikuwa anatazama kitanda cha pili. Akasema, dripu ya yule mama imeisha, kamwite sista.

Nikaenda. Sista alikuwa binti mdogo, yuko peke yake, amevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu imevimba. Alikuja akabadilisha dripu, kisha akapita kwa Mama, akamgusa paji la uso, akanyoosha shuka na kukunja pembe yake. Mama aliitazama ile pembe kwa muda. Aliondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwenye sanduku lake la bati tumekuta Rozari, ile ya mbao iliyotoka kwenye dungu, hiyo amezikwa nayo. Tumekuta na saa yake ya kazi, ile ya kubandika kifuani. Mnaijua ilivyo: ukimtazama aliyeivaa, namba zote zimepinduka. Mvaaji tu ndiye anayeiinua kidogo na kuisoma, huku vidole vya mkono mwingine viko kwenye mshipa wa mtu. Mjukuu wake, mtoto wa mdogo wangu, yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Fundi wa Kariakoo ameisafisha, inatembea.

Njoo, mwanangu. Simama hapa Babu akubandike. Upande wa kushoto, hapo hapo.

Najua una zamu leo, na foleni ya daladala za jioni mnaijua. Baba Paroko, tunaomba ubariki chakula. Mama zangu wa jikoni, huyu na wale wauguzi wa meza ya kule, wapakulieni kwanza.